Simu ya Baba: kuwaka haiwaki, deni linawaka

Jumapili jioni, hosteli. Umeme upo, maji hakuna, kama kawaida.

Najua nimepotea kitambo, msinirushie mawe. Nilikuwa TP nyumbani Bariadi, na nyie mliowahi kwenda TP mnajua ilivyo: andalio la somo alfajiri, kusahihisha madaftari usiku, na hela ya field inaisha kabla hujamjua mwalimu wa zamu. Niliahidi nikirudi nitaandika kuhusu darasa langu la kidato cha pili. Nitaandika, ila si leo. Leo nina jambo limenikaa rohoni tangu mwezi wa saba, na nisipolitoa litanizuia hata kusoma desa za UE.

Jambo lenyewe ni simu ya Baba.

Kwa wale ambao Bariadi wanaisikia tu kwenye taarifa ya habari: ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Kwetu ni pamba. Pamba ikishauzwa watu wanalipa madeni, wanaezeka bati, wanaongeza ng'ombe, na siku hizi wananunua simu. Wauza simu wanaijua kalenda ya pamba kuliko hata bwana shamba. Hela ikianza tu kuonekana mitaani, utasikia gari la matangazo linazunguka mjini, muziki mpaka madirisha yanatetemeka, vijana wenye fulana zinazofanana wanacheza juu ya gari: toleo jipya limezinduliwa, njoo na kianzio kidogo, ondoka na simu janja leo leo!

Baba hajawahi kumiliki simu ya tachi. Ana kitochi chake, kimefungwa na mpira wa manati kwa sababu mfuniko wa betri ulishapotea, na kinakaa na chaji siku nne. Kinamtosha. Ila mwaka huo dada yangu aliyeolewa Dar alijifungua, na mtoto kapewa jina la bibi, yaani mama yake Baba. Dada akawa anatutumia picha kwenye simu yangu. Baba akawa anakuja kila jioni: "Mwanangu, hebu nimwone mama yangu." Nikimaliza TP naondoka na simu yangu. Atamwonea wapi?

Basi aliposikia lile gari, akaamua.

Tulitoka kijijini, upande wa Nkololo, kwa bodaboda mapema. Baba kavaa shati lake la kanisani. Dukani tukapokewa vizuri, "Shikamoo mzee wangu, karibu ukae." Kijana akaeleza: kianzio shilingi 60,000, halafu kila siku 1,500 mpaka deni liishe. Usipolipa simu inajifunga, ukilipa inajifungua. Simu inakuja na laini yake mpya, na laini inasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Hapo sina ugomvi, hiyo ni taratibu ya nchi nzima. Mnakumbuka foleni zile za mwishoni mwa 2019, mwisho wa usajili ulikuwa tarehe 31 Desemba ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Wengine wetu tulikuwa sekondari, tulitumwa kuwashikia wazazi nafasi kwenye mstari.

Kimbembe kikaanzia kwenye vidole. Kidole gumba cha kulia, kimashine kikakataa. Cha shahada, kikakataa. Kijana akasema, "Mzee, futa jasho." Akafuta. Kikakataa. "Mzee, pakaza kidole kwenye paji la uso kipate mafuta kidogo." Akapakaza. Kikakataa. Nyuma yetu watu wanazidi kujaa, mmoja akacheka, akasema mzee labda si Mtanzania. Mara ya nane au ya tisa, gumba la kushoto likasoma.

Nataka nieleze kwa nini, maana siku ile hakuna aliyemweleza Baba, akabaki anavitazama vidole vyake kama vimemwaibisha. Kile kimashine kinatafuta mistari midogo ya ngozi kwenye ncha ya kidole. Mtu aliyeshika jembe miaka arobaini, akachambua pamba kwa mkono msimu hadi msimu, mistari ile inasagika, na uzee nao unaikausha. India nao, wenye mfumo wa vitambulisho vya vidole wa watu zaidi ya bilioni, wanahangaika na tatizo hili hili kwa vibarua na wazee. Yaani mfumo unamkataa mtu kwa sababu amefanya kazi sana. Hebu kaeni na hilo kidogo.

Haya. Laini ikasajiliwa, kianzio kikalipwa, boksi likafunguliwa. Simu nzuri, inang'aa, Baba anaishika kwa mikono miwili kama kifaranga. Ikawashwa, ikatusalimia, ikauliza lugha. Halafu ikatoa ule mduara unaozunguka, na maneno kwamba simu inaandaliwa, subiri. Tukasubiri. Dakika kumi, nusu saa. Kijana akasema, "Mtandao leo unasumbua, kila mtu ananunua. Nendeni tu nyumbani, itajifungua yenyewe."

Na sisi tukaenda. Mimi, msomi wa mwaka wa tatu, nikaenda!

Nyumbani mtandao unapatikana ukipanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi. Baba alikipanda jioni ile, na alfajiri kesho yake, na jioni yake tena, simu mkononi, mduara unazunguka. Mama akawa anamuuliza huyo mgeni kafika? Siku ya pili saa moja asubuhi kitochi kikalia, ujumbe umeingia. Nikamsomea: Mpendwa mteja, malipo yako ya leo hayajapokelewa. Lipa sasa uendelee kufurahia simu yako.

Kufurahia! Jamani.

Ndipo nilipoelewa kitu ambacho ndicho kimenifanya niandike. Mfumo wa kuwasha ulikuwa chini. Mfumo wa kudai ulikuwa juu, haujachelewa hata dakika moja.

Nikapiga huduma kwa wateja. Bonyeza moja kwa Kiswahili. Muziki. Wahudumu wetu wote wanawahudumia wateja wengine. Muziki. Baada ya dakika ishirini na kitu akapokea dada mmoja mpole sana. Akasema, "Pole, tumeipokea changamoto yako, itafanyiwa kazi ndani ya saa 24 mpaka 48." Nikamweleza Baba. Baba akauliza, "Changamoto ndo nini?" Nikasema ni shida, ila kwa lugha ya ofisini. Akasema, "Mwambie sina changamoto. Nina shida."

Saa 48 zikapita. Siku ya nne tukarudi mjini, boda kwenda na kurudi 10,000. Kijana yule yule, tabasamu lile lile. Akaizima, akaiwasha, mduara. Akasema tatizo liko makao makuu, yeye hana uwezo. Nikamuuliza, na hizi 1,500 za kila siku? Akasema lipeni tu mzee wangu, msipolipa mtaingia kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Baba akalipa. Baba haogopi nyoka wala fisi, ila neno "wadaiwa" lilimshtua.

Sasa niwatoe Bariadi kidogo niwapeleke mbali, halafu tutarudi.

Tarehe 11 Julai 2008 Apple walizindua iPhone 3G katika nchi zaidi ya 20 kwa siku moja. Mwaka uliotangulia, iPhone ya kwanza Marekani mtu alikuwa anainunua na kwenda kuiwasha mwenyewe nyumbani kwa kompyuta. Safari hii wakasema hapana, itawashwa pale pale dukani kabla mteja hajatoka. Wazo zuri. Tatizo, siku hiyo hiyo wakatoa na programu mpya kwa wenye simu za zamani. Wanunuzi wapya na wenye simu za zamani wakagonga mlango mmoja saa moja, ile mitambo yao ya iTunes inayothibitisha simu, na mitambo ikalemewa. Watu waliokesha kwenye foleni wakaambiwa nendeni mkamalizie nyumbani. Wengine walibaki na simu isiyoweza chochote ila kupiga namba za dharura. Hata waliokuwa na simu nzima asubuhi, wakaweka programu mpya, mchana wakawa wameshika kigae.

Apple wakauza simu milioni moja kwa siku tatu za kwanza, walitangaza wenyewe. Ila magazeti ya dunia nzima yaliandika juu ya ile asubuhi mbovu, na mpaka leo inakumbukwa.

Nikilinganisha naona kosa ni lile lile: uzinduzi uliandaliwa kwa siku ya kuuza, haukuandaliwa kwa dakika ya kuwasha. Muziki ulipangwa, fulana zilishonwa, foleni ilitarajiwa. Ile njia nyembamba ambayo kila simu lazima ipite kuomba ruhusa ya kuwaka, hiyo hakuna aliyekaa akahesabu wangapi watapita kwa wakati mmoja, na wakikwama nani atawatoa. Tofauti ni kwamba wale wa 2008 walikwama saa kadhaa wakaandikwa magazetini. Baba yangu alikwama siku tisa, ameandikwa na mimi tu, na nyie wasomaji wangu ambao nusu mnakuja hapa kutafuta desa.

Mnisielewe vibaya. Sipingi kufuli kwenye simu. Ile kufuli ya Apple iliyokuja mwaka 2013, na ya Android iliyofuata 2015, imemkata mwizi mikono: akiiba simu akaifuta, bado inamuuliza akaunti ya mwenyewe. Na simu ya mkopo bila kufuli nani angemkopesha mkulima asiye na hati wala mdhamini? Baba asingeweza kutoa bei nzima kwa mkupuo. Mkopo ulimfungulia mlango, nakubali kabisa. Ninachosema ni kwamba ukishakuwa na uwezo wa kuifunga simu ya mtu ukiwa umekaa ofisini mji mwingine, una wajibu wa kuweza kuifungua kwa kasi ile ile. Huwezi kuwa hodari wa ufunguo upande mmoja tu.

Turudi Bariadi. Siku ya tisa nilikuwa nimekata tamaa, nikaipeleka simu kwa fundi mmoja pale karibu na stendi, kibanda cha mbao, feni ndogo, na rundo la simu zilizokufa. Hakuifungua hata. Alichukua risiti, akageuza simu, akasoma karatasi iliyobandikwa mgongoni. Ile namba tambulishi, IMEI, tarakimu 15. Akasoma ya risiti, akasoma ya simu. Akaniangalia. "Mwalimu, hizi namba si moja. Mmeandikiwa simu ya mtu mwingine."

Ilikuwa rahisi hivyo tu. Siku ile dukani, kwenye msongamano, maboksi mawili yalibadilishwa. Jina la Baba na deni la Baba vikawekwa kwenye simu nyingine, na hii aliyoishika haikuwa na mwenyewe kwenye mfumo, ndo maana ilikuwa inazunguka kutafuta ruhusa ambayo haipo. Maana yake, mahali fulani Simiyu kulikuwa na mtu mwingine naye anapanda kichuguu chake kila jioni.

Na hapa ndo nashikwa hasira mpya, maana IMEI sisi Watanzania tulishafundishwa! Mwaka 2016, kabla ya simu bandia kuzimwa tarehe 16 Juni, TCRA walitangaza nchi nzima: bonyeza *#06#, tuma namba kwenda 15090, ujue simu yako ni halisi au feki. Bibi zetu waliijua ile. Kijana anayeuza simu kumi kwa siku anashindwaje kulinganisha namba mbili kabla ya kupokea hela?

Fundi alinitoza 2,000. Tukaenda na risiti dukani, kijana akapauka, akapiga simu sehemu, na kama dakika sita baadaye simu ikafunguka. Dakika sita, wadau. Siku tisa za kichuguu, boda mbili za 10,000, deni la 13,500 lililokwishalipwa kwa simu isiyowaka, na dawa yake ilikuwa ya dakika sita. Niliomba zile 13,500 zihesabiwe mbele. Nikaambiwa mfumo hauruhusu.

Kuna kitu kimoja lazima nikiri, maana nimesema blogu hii haina unafiki. Siku ya sita Baba aliniuliza kwa mara ya ngapi sijui kama ule mduara sasa umepunguza mwendo, nikamjibu vibaya. Nilimwambia, "Baba, si nimeshakueleza!" Akanyamaza, akaenda kwa ng'ombe wake. Aliyekosea ni duka, lakini aliyejiona mjinga ni yeye, na mimi nikamsaidia kujiona hivyo. Sisi wasomi tuna tabia hiyo. Mzee akishindwa na simu tunasema mshamba. Hatuulizi kama simu ndiyo iliyomshinda yeye au muuzaji ndiye aliyeshindwa kazi yake.

Wiki hiyo hiyo msimamizi wangu wa TP alikuja kunikagua. Nilifundisha vizuri, ubao safi, zana zipo, sauti inasikika mpaka dirisha la nyuma. Mwisho akaniuliza swali moja tu: "Nionyeshe mwanafunzi aliyeelewa." Nikababaika. Akasema, "Mwalimu, ulichofanya ni kuongea. Kufundisha kunathibitishwa na yule aliyekaa kwenye dawati." Nilipata alama za kawaida, na nilistahili.

Basi na kuuza ni hivyo hivyo. Kupokea kianzio si kuuza. Simu imeuzwa pale mteja anapopiga nayo simu ya kwanza mbele yako.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na ninaitoa kwa yeyote anayeuza simu hizi, Bariadi, Maswa, Dar au hapa nje ya geti la chuo:

Simu iwashwe dukani, mteja apige, ndipo hela itolewe. Mtandao ukiwa chini, biashara isubiri, kama mama ntilie anavyosubiri maji yachemke.

Siku za deni zianze kuhesabiwa tangu simu inapofunguka, si tangu risiti inapochapwa.

Namba ya boksi, ya simu na ya risiti zisomwe kwa sauti mbele ya mteja. Ni nusu dakika.

Na kwa wazee ambao vidole vimesagika, iwepo njia nyingine iliyoandikwa na inayojulikana, si kubahatisha gumba la tisa huku watu wanacheka.

Na nyie wadau, mkienda kununulia wazazi simu likizo hii, msitoke dukani na mduara unaozunguka. Mkikwama, andikeni malalamiko kwa muuzaji kwanza, mtunze risiti na meseji zote. Akikaa kimya, TCRA wanapokea malalamiko ya mawasiliano, lipo Baraza la watumiaji wa huduma hizo, na ipo Tume ya Ushindani, ile FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ambayo ndani yake kuna haki za mlaji. Mimi sikuandika popote wakati ule. Nilichoka, na TP ilikuwa inaisha. Ndo maana naandika sasa, na barua ya zile 13,500 nimeshaianza, iko kwenye daftari la Saikolojia ya Elimu.

Mnataka kujua Baba alimwona mama yake? Alimwona. Tulipiga ya video pale pale nje ya duka, tumesimama chini ya mwarobaini. Mtoto alikuwa kalala, likaonekana sikio moja na blanketi. Baba akaangalia lile sikio muda mrefu sana. Halafu akasema kwa Kisukuma, wabeja, akanirudishia simu niizime, maana bando lingeisha.

Haya, nawasilisha. Kama na wewe au mzazi wako yamewakuta, lete kisa chako. Kesho saa moja nina kipindi, na maji bado hayajatoka.